Pamoja Tulinde Maisha: Kanisa, Ebola na Damu ya Waliopona

Tarehe 20 Novemba 2018, katika mkoa wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulianza utafiti wa tiba ambao jina lake halikuhitaji mkalimani. Uliitwa Pamoja Tulinde Maisha. Madaktari wa mataifa kadhaa walishiriki, na matokeo yake yaliandikwa kwa Kiingereza, lakini jina lilitolewa katika lugha ambayo mama muuza mboga wa Beni na dereva wa pikipiki wa Butembo wanaielewa. Sisi tunaosali na kuimba kwa lugha hiyohiyo tunapaswa kuijua habari ya utafiti huo, kwa kuwa ndani yake limo jibu la swali ambalo Kanisa limelibeba kwa muda mrefu: tumpende vipi mgonjwa ambaye kumgusa kwaweza kutuua?

Swali hilo si la kubuni. Virusi vya Ebola hupita katika damu, matapishi, kuhara na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu. Hivyo huwapata kwanza wale wenye upendo: mama anayemfuta mtoto wake, kijana anayeuosha mwili wa baba yake kabla ya maziko, muuguzi asiyekimbia zamu yake. Nasi tangu shule ya Jumapili tumefundishwa kwamba Bwana alimnyoshea mkono mwenye ukoma akamgusa, na kwamba Msamaria hakupita upande wa pili wa barabara. Tukiyashika mafundisho hayo bila maarifa, tunaweza kuzika kijiji kizima. Tukiyaacha kwa hofu, tunakuwa kama yule kuhani na yule Mlawi. Ili kuona njia iliyo kati ya hayo mawili, tuanzie mahali ambapo ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza: hospitali ya misheni.

Yambuku, 1976

Yambuku ni kijiji cha kaskazini mwa Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Masista Wakatoliki kutoka Ubelgiji walikuwa na hospitali pale yenye vitanda 120, na watu walitembea mwendo mrefu kuifuata kwa sababu ilikuwa na dawa. Mwishoni mwa Agosti 1976 mwalimu mkuu wa shule ya misheni, Mabalo Lokela, alifika akiwa na homa. Alidhaniwa kuwa na malaria, akachomwa sindano ya klorokwini. Alifariki tarehe 8 Septemba. Baada yake wakafuata ndugu waliomuuguza na kumzika, kisha wagonjwa wengine waliokuwa wamepita hospitalini siku zile, wakiwemo wanawake wajawazito waliokuja kliniki.

Wachunguzi walipofika waligundua jambo ambalo ni vigumu kulisimulia. Kila asubuhi wauguzi wa wagonjwa wa nje walipewa sindano tano tu za kutumia siku nzima. Zilisuuzwa katika maji ya uvuguvugu baina ya mgonjwa mmoja na mwingine, au hazikusuuzwa kabisa. Katika wagonjwa 288 waliochunguzwa kwa undani, 85 walikuwa wamepata ugonjwa kwa njia ya sindano, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kwa sindano pekee aliyepona. Kwa jumla waliugua watu 318, wakafa 280. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali walikufa 11, na milango ikafungwa.

Masista wenyewe hawakukimbia. Baadhi yao waliugua na kufa wakiwa kazini. Sista mmoja alipelekwa Kinshasa kwa matibabu akafariki huko, na baada yake alifariki mwenzake aliyemsindikiza, kisha muuguzi kijana wa Kinshasa aliyewahudumia, Mayinga N'Seka. Daktari Mkongomani, Jean-Jacques Muyembe, aliyetumwa Yambuku kuangalia kulikoni, alichukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, akinawa kwa sabuni na maji. Aliokoka. Baadaye damu ya sista ilisafirishwa hadi Antwerp nchini Ubelgiji ndani ya chupa ya chai, na virusi vipya vikaonekana chini ya hadubini. Viliitwa Ebola, kwa jina la mto wa eneo lile, ili watu wa Yambuku wasibebeshwe aibu ya kuitwa kwa jina la maradhi.

Tunalisoma tukio hili kwa uchungu, kwa sababu hospitali ile ilikuwa ya kwetu, ya Kanisa. Hakuna aliyetaka kumdhuru mgonjwa. Upendo ulikuwepo, sadaka ilikuwepo, hata kuutoa uhai kulikuwepo. Kilichokosekana ni sindano safi na elimu ya kuiona hatari. Hilo ndilo fundisho la kwanza: nia njema haiui vijidudu. Anayetaka kumhudumia mgonjwa kwa jina la Mungu anawajibika pia kwa usafi wa kifaa alichoshika.

Kikwit, 1995

Miaka 19 baadaye ugonjwa ulizuka katika mji wa Kikwit, kusini magharibi mwa nchi ileile. Huko walikuwepo masista wa shirika la Maskini la Bergamo, Italia, wakihudumu katika hospitali na vituo vya afya. Mwezi Aprili mtaalamu wa maabara alifanyiwa upasuaji, na madaktari hawakujua alikuwa na ugonjwa gani. Waliokuwa katika chumba cha upasuaji na waliomuuguza baadaye waliambukizwa. Sista Floralba Rondi, muuguzi wa chumba kile, alifariki tarehe 25 Aprili. Wenzake waliomuuguza yeye na wagonjwa wengine walimfuata mmoja baada ya mwingine: Clarangela Ghilardi, Danielangela Sorti, Dinarosa Belleri, Annelvira Ossoli na Vitarosa Zorza. Wa mwisho alifariki tarehe 28 Mei. Mwaka 2021 Papa Fransisko alitambua rasmi fadhila zao za kishujaa.

Watu 315 waliugua Kikwit, na zaidi ya 250 walikufa. Karibu robo ya wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya. Mlipuko ulianza kurudi nyuma pale glavu, barakoa na mavazi ya kujikinga yalipofika, na wananchi walipoelekezwa namna ya kutunza wagonjwa na kuzika wafu bila kujiweka hatarini.

Lakini mwezi Juni, ugonjwa ukiwa unaelekea mwisho, lilitendeka jambo dogo lililokuja kuwa kubwa. Muyembe na wenzake Wakongomani walitafakari hivi: aliyepona Ebola ana kitu katika damu yake kilichoushinda ugonjwa, basi kwa nini asimgawie mwenzake? Waliopona wakatoa damu, nayo ikapewa wagonjwa wanane. Saba walipona.

Wataalamu wengi wa nje hawakuridhika, na walikuwa na hoja. Wagonjwa wanane ni wachache. Waliongezewa damu baada ya kuishi siku kadhaa na ugonjwa, tena wakati ambao uangalizi wa hospitali ulikuwa umeboreka. Pengine wangepona hata bila damu ile. Hoja ilikuwa ya haki, na sisi watu wa imani tusiione kuwa ni dharau. Mara ngapi tumesikia ushuhuda wa uponyaji, tukashangilia, bila kuuliza ni wangapi waliotumia njia hiyohiyo wakafa? Kuuliza hivyo si kukosa imani. Ni kukataa kumshuhudia mgonjwa uongo. Hata hivyo hoja ilibaki bila jibu kwa miaka mingi, na wagonjwa wakaendelea kufa.

Nyuzi mbili

Kati ya Kikwit na Beni zilisokotwa nyuzi mbili: dawa na chanjo.

Uzi wa kwanza ulianzia kwa mtu aliyepona Kikwit. Miaka 11 baada ya kuugua, alikubali tena kutoa damu. Kwa ushirikiano wa Muyembe na watafiti wa Marekani na Uswisi, ilipatikana ndani yake kingamwili, yaani askari mdogo wa mwilini, anayejishikiza kwenye kirusi cha Ebola na kukizuia kisiingie katika chembe hai. Kingamwili hiyo ilizalishwa kwa wingi maabarani na kuitwa mAb114. Hivyo damu iliyotiliwa shaka mwaka 1995 ilisafishwa, ikachunguzwa, ikawa dawa inayowekwa mshipani mara moja tu. Mtoaji wake hakuwa mtu wa kuja kusaidia kutoka mbali. Alikuwa mgonjwa wa Kikwit.

Uzi wa pili ni chanjo. Watafiti wa maabara ya taifa ya Kanada mjini Winnipeg walichukua kirusi cha mifugo kisicho na madhara makubwa kwa binadamu, wakakivisha protini ya juu ya Ebola, ili mwili umtambue adui kwa vazi lake kabla hajaja mwenyewe. Mwaka 2005 walitangaza kwamba nyani waliochanjwa walikingika. Kisha chanjo ikakaa. Ebola ilionekana kuwa ugonjwa wa vijiji vya maskini, usio na faida sokoni. Ilibidi uje mlipuko wa Afrika Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016, uliougusa watu zaidi ya 28,600 na kuua zaidi ya 11,300, ndipo chanjo ijaribiwe kwa wingi. Hapo kuna dhambi ambayo haina mtenda mmoja, nasi tuitaje hivyo: uhai wa baadhi ya watu ulihesabiwa kuwa unaweza kusubiri.

Nchini Guinea, mwaka 2015, chanjo ilijaribiwa kwa mtindo wa duara. Mgonjwa akipatikana, huchanjwa wote waliokutana naye na wote waliokutana na hao, kama watu wanaofyeka majani kuzunguka moto. Watu 5,837 walichanjwa, na kuanzia siku ya kumi baada ya kuchanjwa hakuonekana mgonjwa hata mmoja kati yao. Kati ya wale ambao hawakuchanjwa, wagonjwa walikuwa 23.

Mtindo huo wa duara una asili inayotuhusu. Desemba 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari Mmarekani William Foege, aliyekwenda huko kama mmisionari wa Kilutheri, alikuwa akipambana na ndui huku chanjo ikiwa haba. Aliwaomba wamisionari wa eneo lile, waliozoea kuzungumza jioni kwa redio zao, watume watu vijijini kuuliza nani anaumwa. Chanjo chache zilizokuwepo zikapelekwa palepale penye ugonjwa na pale ulikoelekea, na ndui ikakosa pa kwenda. Njia hiyo ilisaidia kuifuta ndui duniani, na tangazo lilitolewa mwaka 1980. Kumbe redio za misheni nazo zilikuwa chombo cha tiba.

Beni, 2018 hadi 2020

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza Ebola Kivu Kaskazini. Safari hii ilikuwepo chanjo, na zilikuwepo dawa nne za kujaribiwa. Kilichopungua ni kuaminiana.

Watu wa Beni walikuwa wamezika wapendwa wao waliouawa na vikundi vyenye silaha kwa miaka kadhaa. Waliuliza: mbona tulipochinjwa hamkuja, na sasa kwa homa mmekuja na magari mengi? Desemba 2018 upigaji kura uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kama sababu, na shaka ikaongezeka. Uchunguzi uliofanywa Septemba mwaka huo kwa watu 961 ulionyesha kwamba mmoja kati ya wanne hakuamini kuwa Ebola ipo. Mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili daktari Mkameruni, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi akiwa kazini Butembo. Upande wa pili nao haukuwa safi: tume huru ilithibitisha mwaka 2021 kwamba baadhi ya waliotumwa kupambana na ugonjwa waliwadhulumu wanawake kingono. Mwenye kusema kwamba wananchi walikuwa wajinga tu hajaisikiliza habari yote.

Katika hali hiyo ndipo utafiti wa Pamoja Tulinde Maisha ulifanyika, kwenye vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa wote walipata huduma ya msingi: maji ya mwilini, chumvichumvi, dawa za malaria na za maambukizi mengine palipohitajika. Juu ya hayo kila mmoja alipewa moja ya dawa nne, na hakuna aliyepewa dawa bandia. Wajawazito na watoto wachanga hawakuachwa nje. Ipi kati ya zile nne, iliamuliwa kwa bahati nasibu.

Hapo wengi hukwama. Inawezekanaje uhai wa mtu kupigiwa kura? Tukumbuke kwamba Mitume walipotafuta wa kushika nafasi ya Yuda walikuwa na watu wawili wema mbele yao, na hawakujua yupi. Walisali, kisha wakapiga kura. Kura ilikuwa ungamo la kutojua. Madaktari wa Beni hawakujua ipi kati ya dawa nne ilikuwa bora, na kuchagua kwa hisia kungempa tajiri hiki na maskini kile, na baada ya yote hakuna ambaye angejifunza kitu. Kura iliwatendea wagonjwa wote kwa usawa na kulinda ukweli.

Agosti 2019, wagonjwa wakiwa 681, kamati ya usimamizi iliamua kwamba jibu limeonekana. Waliopewa ZMapp walikufa karibu nusu, na waliopewa remdesivir walikufa zaidi ya nusu. Kwa mAb114, ile iliyotoka katika damu ya Kikwit, vifo vilikuwa asilimia 35. Kwa dawa ya nne, REGN-EB3, asilimia 33.5. Zile mbili za kwanza zikasimamishwa mara moja. Kwa wagonjwa waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini, dawa hizi mbili bora zilipunguza vifo hadi takriban mmoja kati ya kumi.

Kuna takwimu nyingine ya utafiti ule ambayo tungependa isomwe madhabahuni. Waliofika kituoni ndani ya siku moja ya kuanza kuugua walikufa asilimia 19. Waliofika baada ya siku tano walikufa asilimia 47. Kati ya siku ya kwanza na ya tano ndipo mtu huamua: niende kituoni, au nijifiche? Niamini, au nikimbilie kwa mwombeaji anayeniambia nisiende? Hakuna dawa ya maabara inayoweza kuziba siku hizo nne. Huzibwa na neno la mtu anayeaminiwa: jirani, katekista, mchungaji, mama wa jumuiya. Kanisa linaweza kuzifupisha siku hizo au kuzirefusha, na kila siku ina hesabu yake ya makaburi.

Palikuwa pia na mabadiliko katika utunzaji wenyewe. Beni vilitumika vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, hata ndugu wakamwona mgonjwa wao akihudumiwa na kuzungumza naye, badala ya kumwona akimezwa na hema. Waliopona, ambao miili yao ilikuwa na kinga, waliajiriwa kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa wakitibiwa. Waliwabeba, waliwalisha, waliwaimbia. Wajawazito, ambao mwanzoni walinyimwa chanjo kwa tahadhari, waliruhusiwa kuipata mwaka 2019. Tukiwakumbuka wajawazito wa Yambuku, tunaona ni njia ndefu kiasi gani iliyotembewa.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 walikufa, na zaidi ya 300,000 walichanjwa.

Tunachobaki nacho

Hatuwezi kusema vita imekwisha. Chanjo na dawa hizi ni za aina moja ya Ebola, ile ya Zaire. Ile ya Sudan iliyoipiga Uganda ni nyingine, na Marburg iliyoua watu mkoani Kagera, Tanzania, mwaka 2023 ni nyingine pia. Waliopona wengi wanabaki na maumivu ya viungo na matatizo ya macho, na wengine hukuta majirani wamewafungia milango. Kwao kazi ya Kanisa huanza siku wanapotoka kituoni na cheti mkononi.

Lakini lile swali la mwanzo limepata jibu lenye mwili na damu. Yambuku palikuwa na upendo uliopungukiwa maarifa, na watu walikufa. Beni, mwanzoni, palikuwa na maarifa ambayo watu hawakuona upendo ndani yake, na watu walikimbia. Uponyaji ulikuja pale ambapo mtu aliyepona alimpokea mtoto wa mgonjwa mikononi, wakati dawa iliyotokana na damu ya aliyepona mwingine, miaka mingi nyuma, ikiingia mshipani mwa mama yake.

Basi tunapoulizwa makanisani mwetu kama chanjo ni kukosa imani, tusijibu kwa hasira wala kwa kubabaisha. Tusimulie habari za masista sita wa Kikwit, ambao wangetamani kuwa na glavu za kutosha. Tusimulie habari za mtu asiyejulikana kwetu kwa jina, aliyenyosha mkono ili damu yake ichukuliwe kwa ajili ya watu ambao hangewaona kamwe. Sisi tunaoamini kwamba tumeokolewa kwa damu ya mwingine tunapaswa kuwa wa kwanza kuielewa sadaka hiyo. Na ugonjwa utakapobisha hodi tena, utukute tumekwisha kunawa mikono, tumekwisha kuwafundisha watu wetu, na tuko tayari kumfikisha mgonjwa kituoni siku ya kwanza.